Ghala Lisilo na Dirisha

Ndalahwa alikuwa mtunza ghala wa kampuni ya umma mpaka kampuni ilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Kwa kiinua mgongo chao wenzake walinunua baiskeli, wengine wakafungua vioski. Yeye alinunua mahindi. Nyuma ya nyumba yake katika mtaa wa Mabatini alijenga ghala, akaliegemeza kwenye jabali kubwa ili upande mmoja usihitaji ukuta. Dirisha lilikuwepo mwanzoni. Baadaye aliliziba kwa matofali kwa kuogopa wezi.

Hakuzaliwa mchoyo. Miaka ya uhaba alikuwa akipanga foleni tangu alfajiri na kurudi nyumbani na mfuko mtupu, na mama yake mzazi aliaga dunia akiomba uji ambao hakuwa na unga wa kuupika. Sasa maduka yalikuwa yamejaa vitu, lakini Ndalahwa alipoyatazama hakuona shibe.

"Haya yote yatafungwa tena," alimwambia mkewe, Dorcas. "Utaona."

Mwaka 1997 mvua zilikataa, bei ya mahindi ikaanza kupanda, na hapo tamaa nayo ikaingia ndani ya ile hofu. Kila asubuhi Ndalahwa alikwenda sokoni kuuliza bei. Akikuta imepanda, alirudi akitembea kama kijana. Wala hakuuza, maana huenda kesho ingepanda zaidi. Alikula kidogo, alilala kidogo, na ufunguo wa ghala aliuvaa shingoni hata akienda kuoga.

Jumamosi moja jirani yao Odeta alibisha hodi. Alikuwa mjane aliyejipatia riziki kwa kukaanga mapanki, ile mifupa ya sangara iliyobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa ng'ambo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, naomba unikopeshe debe moja la mahindi. Watoto wamelala na mchuzi mtupu."

"Ningekuwa nayo ningekupa," Ndalahwa alisema. "Mle ndani nimeweka mbao tu."

Odeta alishukuru, akaondoka. Dorcas alikuwa amesimama mlangoni na alisikia yote. Kesho yake alivaa kitenge chake cha kwaya, akachukua Biblia na kuondoka kwenda kanisani bila kumwuliza mumewe kama watafuatana.

Alipobaki peke yake, Ndalahwa aliingia ghalani na kurudishia mlango, asije mtu akachungulia. Alitaka kukagua magunia ya chini, kwa kuwa siku mbili tatu alikuwa akiona vumbi la unga sakafuni. Alichomoa gunia moja, likamlegea mikononi. Dumuzi, wale wadudu watoboao mahindi, walikuwa wamelila likabaki makapi. Kabla hajalitua, yale ya juu yaliinama yote kwa pamoja na kumporomokea.

Alipopata fahamu alikuwa chali, mguu wa kulia umebanwa hadi pajani. Magunia mengine yalikuwa yameujaza mlango, na mlango wenyewe ulifungukia ndani. Mabati yalikuwa yameshika jua. Vumbi lilimziba pua. Alijaribu kuuvuta mguu, maumivu yakampanda hadi kifuani, akaacha.

Mara akasikia viatu uani.

"Hodi! Mzee Ndalahwa!" Ilikuwa sauti ya Mayala, kijana wa kwaya. "Mama ameniambia nikupitie, twende wote ibadani."

Ndalahwa alifungua kinywa, akakifunga. Akiita, Mayala ataingia. Akiingia ataona magunia, na kabla ya jioni Mabatini yote itajua, Odeta akiwemo. Alibana pumzi. Mayala alibisha tena, akangoja kidogo, akaenda zake.

Viatu vilipopotea ndipo alipotambua alichokifanya. Alikuwa ameona afadhali kufa kuliko kuonekana. Hakuwa na la kufanya ila kuomba, akaanza sala ile ambayo Bwana aliwafundisha wanafunzi wake. Alipofika mahali pa kuomba chakula cha siku hiyo, ulimi ulimgomea. Angeombaje cha leo, naye amelaliwa na chakula cha miaka? Alianza upya, akakwama palepale. Alilia kama mtoto, machozi yakachanganyika na vumbi usoni.

"Bwana," alisema mwishowe, kwa maneno yake mwenyewe, "naogopa. Nimeogopa siku zote. Nitoe humu."

Jua lilikuwa limepita utosini Dorcas aliporudi. Alimwita chumbani, akamwita uani, kisha akausukuma mlango wa ghala. Haukusogea.

"Mume wangu! Uko humo?"

"Nimebanwa. Mguu umevunjika."

"Yesu wangu! Ngoja niite watu."

"Usiite!" Neno lilimtoka kabla hajalifikiri. "Sukuma mwenyewe, taratibu."

Dorcas alisukuma hadi akaanza kuhema, kisha akachuchumaa. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa chini, karibu na ufa wa mlango.

"Siwezi peke yangu, mume wangu. Nitawaita hata ukikataa. Lakini ningependa uniambie wewe."

Ndalahwa alifumba macho.

"Waite," alisema. "Na Odeta pia. Mwambie nilimdanganya."

Wanaume walipanda juu ya jabali, wakang'oa mabati. Mwanga ulishuka ghafla, na vichwa vikatokea pembeni: Mayala, majirani, Odeta. Waliyatazama magunia. Ndalahwa alitamani kujifunika uso, lakini mikono yake aliiacha ilipo.

"Yaliyo mazima yatoeni," alisema. "Yapelekeni majumbani kwenu. Odeta achukue kwanza."

Hakuna aliyemshangilia. Mmoja aliguna. Odeta alishuka ndani, akamfuta vumbi usoni kwa pembe ya kanga yake, ndipo akashika gunia.

Mguu ulifungwa plasta hospitalini, akarudishwa nyumbani kulala. Hofu haikumhama siku ile. Usiku ilimjia kama kawaida, akawa anamwamsha Dorcas, wakaomba pamoja mpaka ikapungua. Kwa kuwa hakuweza kwenda kokote, majirani walileta chakula, leo huyu kesho yule, kila mmoja alichokuwa nacho. Siku aliyokuja Mayala kulikuwa na viazi vitamu na maziwa ya mgando.

Ndalahwa alikaa kitandani, bakuli mapajani.

"Na kesho nani analeta?" aliuliza.

"Sijui, baba," Mayala alijibu. "Hatujapanga."

Ndalahwa alitazama viazi bakulini. Kisha akainamisha kichwa, akasema ile sala polepole mpaka mwisho, akaanza kula.