Ukingo Unaosogea

Mutie alisimama ndani ya maji yaliyomfika kifuani, na mbuzi wapatao thelathini walimtazama kutoka ukingoni wakingoja aondoke wanywe. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyozidishwa maziwa. Bwawa hilo la kuchimbwa, ambalo watu wa Mutomo huliita silanga, halikuwahi kuogelewa na mtu tangu lichimbwe, kwa sababu katika nchi ile maji ni ya kunywa, ya kufulia, na ya mifugo, wala hakuna aliyewahi kufikiri kwamba yanaweza kuwa uwanja wa mashindano.

Juu ya ndoo iliyofudikizwa, chini ya mwavuli mweusi, aliketi Bi Zulekha akiwa ameshika simu ya Mutie kumpimia muda.

"Mbona unayapiga maji hivyo?" aliuliza. "Yamekukosea nini?"

"Si maji."

"Najua si maji. Laza kichwa, baba. Ukikiinua, miguu inazama. Unaogelea kama mtu anayechungulia dirisha la jirani."

Bi Zulekha alizaliwa Mtwapa, kando ya bahari, akaletwa Mutomo na mume aliyeuza vitambaa, na mume alipofariki akabaki na duka na wateja. Mutie alimpelekea maji kila asubuhi kwa baiskeli, mitungi minne kwa safari moja. Siku alipomwomba amfundishe kuogelea, mama huyo alicheka mpaka akashika meza. Kisha akakubali kwa sharti moja, kwamba yeye mwenyewe hataloa hata kidole.

"Haya, vuka tena. Na huyo unayempiga mwache nje."

Huyo aliyepigwa alikuwa Gedion Musyimi.

Miaka miwili nyuma, katika mbio za baiskeli kutoka Mutomo hadi Kitui mjini, Mutie aliongoza njia nzima juu ya baiskeli ileile nzito ya kubebea maji. Alifika wa kwanza, miguu ikimtetemeka, mama yake Wayua akimngoja kwenye utepe na gauni lake la kanisani. Gedion, waliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza, akafika wa pili. Kabla jasho halijamkauka akawaambia waamuzi kwamba kule mlimani amemwona Mutie akivutwa, ameshika lori la mchanga kwa nyuma. Hakukuwa na mwamuzi mlimani. Kulikuwa na neno la Gedion, aliyevaa viatu vya mbio na helmeti, na neno la mwuza maji aliyevaa ndara. Waamuzi walichagua viatu.

Tangu siku hiyo Mutomo nzima ikamwita Lori. Lori, niletee mitungi miwili. Lori, mbona leo umechelewa, umekosa wa kukuvuta? Mutie aliitika, kwa kuwa mwuza maji asiyeitika hana wateja, lakini kila alipoitika kitu fulani ndani yake kilikaza fundo. Hakumpiga Gedion. Hakumtukana. Aliiweka hasira yake kama watu wanavyoweka mbegu, mahali pakavu, akiitazama mara kwa mara isije ikaliwa na wadudu.

Gedion alipata kazi katika mji wa Wote akahama. Kisha, mwezi wa saba mwaka huu, akatuma tangazo kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja. Kutakuwa na triathloni karibu na Wote mwisho wa mwezi wa tisa: kuogelea mita mia nne, baiskeli kilomita ishirini, kukimbia kilomita tano. Chini yake aliweka picha yake akiwa na miwani ya kuogelea, na maneno haya: "Watu wa Mutomo mko wapi, ama mnaogopa maji?"

Mutie alijiandikisha kabla chai yake haijapoa. Kina kirefu zaidi alichokuwa amewahi kuingia kilikuwa karai.

Baiskeli haikumtisha, wala kukimbia. Aliing'oa keria ya kubebea mitungi, akapaka mnyororo mafuta, na kila jioni alikimbia barabara ya vumbi mpaka mapafu yakawaka. Maji ndiyo yaliyokuwa adui asiyemjua. Ilimbidi kwanza aombe ruhusa kwa Nzisa, mwenyekiti wa kamati ya silanga, mwanamke mrefu mwenye mikono ya jembe.

"Utaingia upande wa ng'ombe," Nzisa alimwambia. "Bila sabuni. Mbuzi wakifika, unatoka. Na mwethya ikiitwa, wewe utakuwa wa kwanza kushika koleo."

Mwethya ni kazi ya pamoja, watu wakikutana kuzoa tope kabla ya mvua. Mutie alikubali. Angekubali kuzoa tope kwa meno.

Basi akajifunza. Wiki ya kwanza alikunywa maji zaidi ya mbuzi. Wiki ya pili akaelea. Wiki ya tatu akavuka kutoka ukingo wa mashariki hadi wa magharibi, na Bi Zulekha akasoma kwenye simu, dakika tatu na nukta kumi. Mutie akatunga maneno ya kumsukuma. Mkono wa kulia ulisema *Gedion*. Mkono wa kushoto ulisema *geuka*. Gedion, geuka. Gedion, geuka. Alijua atakachofanya siku ile atakapompita. Hatasema kitu. Atamtazama tu, muda wa kutosha Gedion aone ni nani, kisha atamwachia vumbi. Picha hiyo alilala nayo na kuamka nayo, na ilimpa nguvu kuliko chakula.

Muda ukaanza kushuka. Dakika mbili na nusu. Dakika mbili. Mwanzo wa mwezi wa tisa alivuka kwa dakika moja na nukta hamsini, akatoka majini akijipiga kifua.

"Nimekuwa samaki, Bi Zulekha."

"Umekuwa na kelele kama samaki wa kukaanga," alijibu, lakini hata yeye aliitazama simu mara mbili.

Siku ya mwethya ilipofika, watu arobaini walishuka na majembe, makoleo na magunia. Mutie alizoa tope tangu alfajiri, akisimulia kila aliyemkaribia habari za dakika yake moja na nukta hamsini. Nzisa alimsikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Ukingo huu mpaka ule."

Nzisa aliliweka jembe chini. Alimshika kiwiko akampeleka juu, kwenye ardhi iliyopasuka vipande kama mkate mkavu. Vijiti vilikuwa vimechomekwa hapo kwa mstari, kimoja nyuma ya kingine, kuteremka mpaka yalipokuwa maji.

"Kila Jumatatu mimi huchomeka kimoja mahali maji yanapoishia," alisema. "Tujue tumebaki na wiki ngapi. Hiki cha juu ni cha siku uliyoanza."

Mutie alitembea kutoka kijiti cha juu hadi majini akihesabu. Hatua thelathini na nne. Upande wa pili, Nzisa alimwambia, ni zaidi.

Watu wa mwethya walikuwa wameacha kazi. Kicheko kilianza kwa wanawake wa magunia, kikapita kwa wanaume wa makoleo.

"Lori amevutwa na kiangazi," mmoja alisema.

Mtoto wa nchi kavu, aliyekua akiyapima maji kwa jicho tangu aanze kutembea, hakuyaona yakipungua kwenye kifua chake mwenyewe. Kila asubuhi aliingia humo, na kila asubuhi macho yake yalikuwa Wote. Jioni ile alijipima sawasawa, akafunga kamba kati ya vigingi viwili, mita hamsini kamili. Bi Zulekha akasoma muda. Mutie hakuwa ameongeza kasi hata kidogo. Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo mama huyo alilisema huku akikazia macho mwavuli wake.

"Kule katikati sasa maji hayafiki kiunoni. Miguu yako inasukuma tope, baba. Wewe unatembea kwa tumbo."

Zilibaki wiki tatu. Bi Zulekha alichana leso kuukuu, na kuanzia asubuhi iliyofuata Mutie aliingia majini akiwa amefungwa vifundo vya miguu, asiweze kukanyaga. Alikunywa maji upya. Alijifunza kugeuka chali anapoishiwa pumzi. Alikwenda na kurudi kando ya kamba yake, mita hamsini, mita hamsini, na chuki yake, badala ya kupungua, ikawa safi zaidi, kama chuma kilichosuguliwa.

Jumapili ya mwisho kabla ya mashindano, Gedion alikuja Mutomo.

Mutie aliketi nyuma kanisani, karibu na mama yake, alipomwona akipita mbele na kupewa kipaza sauti. Gedion alikuwa amekonda. Alisema ameokoka tangu mwezi wa nane, na kwamba mtu aliyeokoka hana budi kurudi nyuma na kutengeneza aliyoyaharibu. Ameshazunguka kwa watu sita. Huyu ni wa saba.

"Mutie hakushika lori," alisema. "Sikumwona popote kule mlimani, maana alikuwa ameniacha mbali. Nilidanganya kwa sababu nilikuwa nimewaambia watu wote nyumbani kwamba nitashinda."

Kanisa likaguna. Wayua akafunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika. Mchungaji akanyoosha mkono kuelekea nyuma, akamwita Mutie aje mbele wapeane mikono na ndugu yake.

Mutie alisimama. Watu wakampisha, nyuso zimekwisha kulegea kwa furaha ya wanayotazamia kuona. Alitembea mpaka mwisho wa benchi, akageuka kulia badala ya kushoto, akatoka nje kwenye jua.

Gedion alimfuata mpaka chini ya mnara wa tangi la maji.

"Sikuombi unipende," alisema. "Nakuomba unisamehe."

"Ungengoja wiki moja."

"Kwa nini wiki moja?"

"Ungengoja nikushinde kwanza." Sauti ya Mutie ilikuwa ya chini. "Ulinichukulia mbio zangu. Sasa umekuja kunichukulia hata hii. Nimekunywa tope la ng'ombe miezi miwili kwa ajili yako, Gedion. Wewe unasimama dakika tano na kipaza sauti, umemaliza, umekuwa mwepesi. Mimi nimebaki na nini?"

"Jina lako."

"Jina langu nilikuwa nakuja kulichukua mwenyewe."

Kesho yake mjini hakuna aliyemwita Lori. Walimwita Mutie, wengine kwa kuona haya, na mwenye hoteli ya jirani na stendi alimkaribisha chai na mandazi. Mutie alikunywa chai hiyo kama anayekunywa msibani. Kile alichokuwa akikimbilia kilikuwa kimeletwa mpaka mlangoni kwake, na kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Jioni aliingia majini, akafungwa miguu, na alipotoka Bi Zulekha hakumsomea muda.

"Sasa unaogelea kwa nini?"

Mutie alifungua kitambaa miguuni, akakikamua. "Nimezoea," alisema, na wote wawili walijua kwamba hilo si jibu.

Asubuhi ya mashindano, bwawa la nje ya Wote lilikuwa pana na la kijani, na baridi yake iliuma meno. Washindani arobaini na kitu walisimama kwenye mstari. Gedion alikuwa upande wa pili wa mstari huo. Alimwinulia mkono, na Mutie akatazama mbele.

Firimbi ilipolia, povu na viwiko vilimmeza. Mkono wa kulia ulisema Gedion, wa kushoto ukasema geuka, na katika mita mia ya kwanza alijaribu kukanyaga, kwa mazoea tu. Hakukuwa na kitu. Mguu ulishuka na ukaendelea kushuka. Hofu ikampanda kutoka unyayoni, akameza maji, akageuka chali. Mbingu ilikuwa tupu. Mtu wa uokoaji akaisogeza mashua, akamnyooshea kasia.

"Shika, kijana. Hakuna aibu."

"Niache."

"Utazama."

"Niache, tafadhali."

Alipogeuka tena kifudifudi hakukuwa na Gedion mkononi, wala geuka. Kulikuwa na pumzi moja, kisha nyingine, naye akazihesabu kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alifika mia moja akaanza upya. Hakujua wangapi wamempita. Hakujua hata kama anachukia. Goti lake lilipogusa mchanga alidhani amekosea.

Alipanda mteremko akiyumba kuelekea uzio walipoegemeza baiskeli. Nyingi zilikuwa zimeondoka. Kando ya ile yake nzito isiyo na keria, Gedion alikuwa ameketi juu ya jiwe, amevaa viatu, na nywele zake zimekwisha kukauka.

"Unangoja nini?" Mutie aliuliza, akihema.

"Wewe."

"Umepata pancha?"

"Hapana. Siku ile nafasi ya mbele ilikuwa yako. Pita, mimi nitafuata."

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Panda uende, Gedion."

"Tangulia."

"Ukinipisha, wewe ndiye umeshinda tena. Huoni hivyo?"

Gedion alifikiri. Ilionekana wazi usoni kwamba hakuwa ameliona, na kwamba sasa ameliona na hajui la kufanya. "Basi na mimi siwezi kwenda," alisema mwishowe. "Nimeapa."

"Na mimi siwezi."

Mwanamke mmoja mwenye umri wa mama zao alitoka majini, akachukua baiskeli yake, akawatazama. "Vijana, mmekufa ama mnapumzika?" Hakungoja jibu. Akafuatwa na mwanamume mnene, kisha wengine wawili, na mwamuzi mwenye fulana ya njano akawaonyesha saa yake kutoka mbali.

Mutie akaketi chini, kwenye mavumbi, akiwa bado anachuruzika maji. Alivaa kiatu cha kushoto. Akafunga kamba polepole, akaitazama, akaifungua. Gedion naye akavua helmeti yake, akaiweka kwenye magoti, na barabara ya Wote mbele yao ikabaki nyeupe bila mtu.