Nani Anaua Samaki wa Sadock

Katika mji mzima wa Mugumu hakuna aliyetibu samaki wa kioo wengi kunizidi mimi. Nimetibu sita. Wanne wamelala chini ya mpapai nyuma ya choo, na mmoja wao alikata roho nikiwa nimemshika, kwa hiyo sijui kama huo ni udaktari au ni kitu kingine.

Mimi ni Mokami, mama yake Sadock. Nimesoma mpaka darasa la saba, na hilo la saba nililisoma zaidi dirishani. Mwanangu Sadock ni dereva wa watalii. Hukaa porini siku kumi, halafu anarudi nyumbani wiki nzima kutusumbua. Safari moja alipitia Mwanza akarudi na sanduku la kioo, refu kama hori la ndama, na ndani yake samaki sita wekundu wenye mikia kama shela ya bibi harusi. Akaliweka sebuleni, mbele kabisa ya meza yake ya chakula, mahali palipokuwa na cherehani ya mke wake Eunice. Cherehani ikahamia barazani kwenye vumbi.

Eunice ni mtu wa maneno machache. Ila siku hiyo alisema mbele ya majirani kwamba samaki wale wamepata heshima ambayo yeye hajaipata kwa miaka kumi na miwili ya ndoa. Watu walicheka. Sadock hakucheka, akaliweka neno hilo moyoni.

Samaki wa kwanza walipoanza kuumwa, walipanda juu ya maji wakawa wanafungua na kufunga midomo kama watu wasioujua wimbo kanisani. Mapezi yao yakachanika chanika, yakawa na mistari ya damu. Mmoja akafa Jumanne, wa pili akafa wiki tatu baadaye. Sadock alikuwa nyumbani mara zote mbili. Akaenda stoo, akashika chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaitikisa sikioni kwake kama mtu anayepima yai, akasema imepungua. Eunice akamjibu kwamba imepungua kwa sababu ndama wawili walikuwa na kupe, na kama hataki ndama waogeshwe, aseme. Sadock akaondoka kwenda porini bila kuaga.

Nisiwe mnafiki, hata mimi nilimshuku. Siku moja saa sita mchana nilimkuta Eunice amezamisha mkono ndani ya kioo mpaka kwenye kiwiko. Aliponiona akautoa haraka, akasema alikuwa anatoa unywele. Unywele gani, mimi sikuuona. Nilimshuku pia Agustina, jirani anayekuja kuchaji simu kwetu ingawa kwake umeme upo. Kila akifika lazima awasifie samaki, na sifa nyingi za jirani mimi huzipokea kwa mkono wa kushoto. Nikaanza kuweka alama kwenye kalenda ya kanisa: nani kaingia, nani kagusa, nani kafa.

Halafu nikajipa kazi ya udaktari. Nilichemsha majani ya muarobaini, nikayapoza, nikamimina kikombe. Yule wa tatu nikamtoa nimtazame vizuri, na hapo ndipo alipofia. Sadock alirudi kutoka gereji jioni hiyo. Alitukalisha mimi na Eunice sebuleni kama washtakiwa, akasema mama yake anatumiwa bila kujua. Kisha akamgeukia mke wake.

"Eunice, akifa mwingine nitakurudisha Busawe kwa baba yako, mimi mwenyewe, mchana kweupe. Siwezi kulala na mtu anayeua polepole."

Eunice aliangalia mikono yake. Watoto wao wawili wako bweni Musoma. Niliwaza wakirudi likizo wakute mama hayupo kwa sababu ya samaki asiyefika hata robo kilo. Namjua mwanangu. Akisema mbele yangu jambo kama hilo, hulifanya, hata likimuuma yeye mwenyewe.

Ndipo nikampigia simu Nyangwine. Huyu ni bwana mifugo mstaafu, mtu wa Tarime, aliyewahi kusimamia mabwawa ya samaki kabla magoti hayajamstaafisha. Tuna utani wa siku nyingi. Alipofika nikamkaribisha, "Karibu, mura," yaani kijana, naye ana miaka sabini na mbili. Akaniuliza kama ni kweli nimeanza kuwachanja samaki muarobaini. Nikamwambia nimeacha baada ya mgonjwa kulalamika.

Lakini alipoinama kwenye kioo utani uliisha. Kwanza hakugusa kitu. Alitazama kwa muda mrefu hadi nikamshuku na yeye, nikidhani anatunga maneno ya kusema. Akauliza kama wote walikufa siku moja. Hapana, nikasema, mmoja mmoja, na nikamwonyesha kalenda. Akatafuta madoa meupe kama chembe za chumvi kwenye ngozi, hakuna. Akanusa maji. Akaomba chujio la chai, akamchota samaki mmoja, na kwa njiti ya kiberiti akamfunua shavu taratibu.

"Njoo uone," akamwita Sadock. "Hapa panatakiwa pawe pekundu kama ini bichi. Hii ni rangi gani?"

Sadock akasema ni kama chai ya rangi.

Nyangwine akamrudisha samaki majini. Akatueleza kwamba dawa ya kupe ingewamaliza wote sita kwa pamoja kabla ya chai kupoa, isingechagua mmoja leo na mwingine mwezi ujao. Kisha akachomoa sponji ya ile mashine ndogo inayosafisha maji, akaikamua. Ukatoka ute mweupe kama uji. Akanusa vidole vyake, akatutazama mmoja mmoja.

"Hawa hawakulishwa sumu," akasema. "Wamelishwa ugali."

Ugali unaozama chini haulali bure, alisema. Unaoza, maji yanakuwa na sumu isiyoonekana, nayo inaingia kwenye damu ya samaki mpaka anakosa pumzi akiwa ndani ya maji mengi. Dawa yake ni njaa. Siku tatu wasile kitu. Kila asubuhi tutoe ndoo moja ya maji, turudishe ndoo iliyolala usiku mzima bila kufunikwa, tuweke na chumvi kidogo aliyotupimia kwa kijiko. Sponji isioshwe kwa maji ya bomba, ioshwe kwa maji ya humo humo. Halafu akauliza swali ambalo sikulitaka: nani anawapa ugali?

Eunice akasema yeye huwapa chakula cha kopo, chembe chache asubuhi, basi, na siku ile ya unywele alikuwa anaokota kitu cheupe kilichozama, akaona aibu kusema asije akaambiwa ni yeye aliyekitupa. Nikaona nikinyamaza nitakuwa mchawi.

Nikakiri. Sadock akiwa porini mimi hula pale mezani nikitazama televisheni. Na kwetu mtu halishi tumbo lake mbele ya macho ya mwenzake. Hata mpita njia akikukuta unakula, unamkaribisha anawe mikono. Sasa wale viumbe wanakuja mpaka kwenye kioo, wanakukodolea, wanafungua midomo. Utameza vipi? Nilikuwa nawapa kidogo, ukubwa wa kunde, ili tonge langu lipite.

"Tonge la ukubwa wa kunde haliui samaki watatu," Nyangwine akasema. "Hapa kuna mtu anayewapikia."

Sadock akasema yeye hajawahi kuwapa hata chembe. Analisha familia, halishi samaki. Na sasa, akasema, mambo yamefunguka: aliyejua kwamba chakula kinaua ndiye anayewajaza chakula. Alisema hayo akimtazama Eunice.

Mimi nilitazama kalenda yangu. Vifo vyote vitatu viliangukia siku Sadock yuko nyumbani. Nilipomwonyesha, akasema ndiyo hasa, mwanamke anangoja yeye awepo ili aumie. Ukimshuku mtu sana, hata kalenda inakuwa upande wako.

Nikaleta shauri langu. Eunice aende Busawe akamwone mama yake siku hizo tatu za njaa. Wakipona, tutajua. Wakizidi kuumwa, tutajua. Sadock akakubali haraka. Eunice alifunga kijifuko kidogo, na mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama namfukuza kwa upole. Nikamwambia ningetaka kumfukuza ningemtibu kwa muarobaini.

Siku tatu hizo nilikula jikoni, kwenye kigoda, mbali na macho ya mtu. Sebuleni alikula Sadock peke yake, kama kawaida ya mwenye nyumba. Siku ya kwanza maji yalitakata. Siku ya pili yakarudi kuwa na ukungu. Usingizi ukaniisha. Siku ya tatu nikatoa unga wa mtama mwekundu niliotoka nao Kisaka kwa dada yangu, nikamsongea Sadock ugali na maziwa ya mgando. Mimi nikala viazi. Hakuuliza kwa nini, alikula, nikaosha sahani.

Asubuhi ya nne samaki mmoja alikuwa ameelea ubavu. Ni wa nne huyo. Kabla hata sijamtoa, Sadock alikuwa kwenye simu anamwita baba mkwe wake, Mzee Wiliam, aje na binti yake maana kuna neno. Alisema Eunice alitega kabla hajaondoka.

Walifika kabla ya saa sita. Mzee Wiliam ni mfugaji wa makamo yangu, hana habari na samaki, na alikaa kwenye kochi akishika fimbo yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kusikia bei ya aibu. Eunice alisimama nyuma yake, mfuko bado mkononi. Hakuuweka chini. Nyangwine naye alikuwa amefika kwa miadi yake. Baada ya shikamoo na marahaba, Sadock akaeleza yote vizuri, ana mdomo mwanangu, nusura hata mimi nishawishike.

Nyangwine akamwacha amalize, kisha akauliza nani amekula katika chumba hiki siku hizi tatu.

"Hakuna," Sadock akasema, akimgeukia baba mkwe wake. "Mama alikula jikoni. Mimi nilikuwa gereji na gari, nikala huko huko mjini. Tangu juzi sijala hata tonge moja hapa, Baba. Muulize yeyote."

Hakuna aliyeniuliza mimi, na mimi sikujitolea kusema. Nyangwine akaomba beseni jeupe. Nikalileta. Akaichomoa sponji, akaikamua juu ya beseni polepole, na maji yakatoka ya rangi ya udongo, na vipande vidogo vidogo vikazama chini.

Mzee Wiliam akaweka fimbo kando. Akainama, akaokota kipande kimoja, akakisugua kati ya vidole, akakinusa kama anavyonusa mbegu sokoni.

"Huu ni mtama," akasema. "Mtama mwekundu. Gereji gani hiyo wanapika mtama mwekundu?"

Nikasema sijui gereji, ila jana nilisonga ugali wa mtama wa mtu mmoja, na sahani ilirudi nyeupe.

Samaki wawili waliobaki walikuja mbele ya kioo wakafungua midomo yao. Eunice akauweka mfuko wake sakafuni. Sadock alimtazama baba mkwe wake, akanitazama mimi, kisha akatazama beseni kwa muda mrefu zaidi.

"Ilikuwa matonge mawili tu, Baba," akasema. "Na la pili nililitoa kwa sababu yule mkubwa hakuacha kunitazama."