Maikromita ya Ravji

Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine ya kukereza, Ocokoru aliyafuta mataya mawili ya maikromita kwa kipande cha gazeti, akayafunga polepole mpaka parafujo ikalia ti-ti-ti, akasoma: sifuri. Ndipo kazi ikaanza. Desturi hiyo alifundishwa na Mzee Ravji, mwenye karakana hapo Arua kabla Wahindi hawajapewa siku tisini za kuondoka nchini. "Kama hujui sifuri yako," Ravji alizoea kumwambia, "usipime chuma cha mtu." Siku ya kuondoka alimtia maikromita mkononi. "Nishikie," alisema. Ocokoru akaishika.

Karakana akapewa Kapteni Umaru, ambaye chuma pekee alichokielewa ni cha bunduki. Alikuja na Koplo Jada kuandika listi ya vitu. Jada akaiokota maikromita, akaigeuzageuza.

"Hii iko kitu gani? Iko ya kung'oa meno?"

"Hapana, afande. Iko ya kupima unene."

"Unene ya nani?"

Ocokoru aling'oa unywele wake mmoja, akaubana, akasoma: sehemu tatu za elfu za inchi. Kapteni alicheka mpaka akakohoa. Kifaa cha kupima nywele, alisema, si mali. Hakikuandikwa.

Wiki hiyo hiyo vitu vya karakana vikaishiwa unene. Ukibana nondo ya nusu inchi, mataya yalipita ndani yake na kukutana: sifuri. Bati la mlango, sifuri. Ukingo wa meza, sifuri. Vilishikika na kugonga magoti ya watu kama zamani, ila unene haukuwepo. Bisibisi aliyoinunua Ocokoru mwenyewe sokoni ilipima robo inchi kamili. Madigadi ya motokaa ya Kapteni, iliyokuwa ya Mhindi mwenye duka la vitambaa, ilipima sifuri. Kofia yake ya jeshi ilikuwa na unene wake wote. Ocokoru hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kitu kilichoporwa hakina unene. Akamweleza Kapteni, maana bosi ni bosi.

"Mzuri," Kapteni akasema. "Stoo haitajaa."

Jumatatu akaja Sitti kutoka Koboko, amekaa juu ya magunia kwenye lori, na pini iliyokatika ameifunga kwenye pembe ya kanga. Ilikuwa pini ya mashine yake ya kusaga, ambayo marehemu mumewe aliinunua mpya. Siku hizo mashine iliyosimama wiki mbili ilihesabiwa kuwa imelala, na Kapteni alikuwa akizichukua zilizolala.

"Fundi, Ijumaa wanakuja," alisema Sitti. "Kama mashine hapana lia, wanabeba. Mimi iko na hiyo tu."

Ocokoru alikereza nondo ya karakana mpaka saa kumi. Pini ilipendeza macho, lakini ukiiingiza tunduni ilitoka yenyewe, maana haikuwa na kitu cha kukaza.

"Mama, chuma iko, unene yake hapana iko. Leta chuma yako mwenyewe."

Jumatano alirudi na mchi wa shaba wa kutwangia kahawa. Bibi yake aliubeba kwa miguu kutoka Sudani, akimfuata mume askari. Ocokoru aliubana kwa wasiwasi, kwani askari wa zamani nao walipita majumbani mwa watu. Mchi ulikuwa na unene wake wote, kasoro sehemu mbili za elfu za inchi.

"Bibi alisema alinunua," Sitti akasema.

"Alinunua, mama. Labda alipunja kidogo."

Wakacheka. Mchi ukakerezwa ukawa pini, na pini ikakaa tunduni. Ijumaa Kapteni alipofika Koboko akaikuta mashine inanguruma, na wanawake wamepanga foleni na mabeseni ya muhogo mkavu. Mashine inayonguruma haijalala. Alirudi Arua amevimba, akaitisha listi, akaandika maikromita kwa mkono wake na kutia sahihi.

"Afande, hii iko amana," Ocokoru alisema.

"Amana ya mutu gani? Mutu hayuko."

Wino ulipokauka, maikromita nayo ikawa ya kuporwa. Tangu hapo kila ilichokibana kilisoma sifuri: unywele, bisibisi, hata kidole gumba cha Ocokoru, ambacho kilikuwa kinamuuma.

Jumatatu iliyofuata Kapteni na Jada walikwenda naye Koboko. Kapteni aliisimamisha mashine na kumwamuru apime ukingo wa bakuli lake la kumiminia muhogo mbele ya foleni nzima. Ocokoru aliyafuta mataya, akafunga. Ti-ti-ti. Alitamani kudanganya, lakini Jada alikuwa begani kwake, na koplo huyo alishajifunza kusoma sifuri.

"Sifuri," Ocokoru alisema, na aibu ikamjaa mpaka masikioni.

"Sifuri iko nini? Wewe mwenyewe ulifundisha," Kapteni akasema. "Hii iko ya wizi. Pakia."

Sitti hakupiga kelele. "Fundi, si ulipima mchi ya bibi?"

"Nilipima, mama."

"Basi nipe pini yangu."

Kapteni alieleza kwa upole kwamba pini ni sehemu ya mashine. Mashine ikapakiwa, foleni ikabeba mabeseni yake kurudi nyumbani kutwanga.

Ilipofikishwa karakana, mashine ya Sitti ilikuwa imekwisha kuporwa, kwa hiyo sifuri yake sasa ilikuwa ya haki. Hakuna aliyeweza kusema maikromita ilidanganya, ilitangulia tu. Kapteni alipendezwa nayo sana, akaagiza itunzwe.

Ocokoru anaitunza. Kila asubuhi anayafuta mataya kwa kipande cha gazeti, anayafunga polepole, anasoma. Sifuri iko sawa. Kisha anawasha mashine.