Saa Tatu za Wimbo Mmoja

"Kwa hiyo kompyuta yako imemkata mama yako mzazi?"

Akelo alimgeuzia mama yake kompyuta. Orodha ilikuwa bado kwenye skrini. Kwaya saba zilikuwa zimeomba kurekodi Jumamosi, siku moja ambayo Kunal, mwenye studio hapa Mkolani, huzipa bure kila mwaka. Chumba ni kimoja. Zamani aliyetaja saa ya mapema ndiye aliyeingia, na Kwaya Kuu huandika saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Ikishaingia hiyo, siku karibu imekwisha. Kwaya ya Kiseke, ya mama yake Akelo, ilikuwa imerudi nyumbani miaka miwili mfululizo bila kurekodi wimbo wake.

Mwaka huu Kunal alimwomba Akelo aandike programu.

"Nieleze kanuni yako," mama alisema, akivuta kiti.

"Namchukua anayemaliza mapema kuliko wote. Halafu, kati ya wasiogongana naye, anayefuata kumaliza mapema. Sirudi nyuma. Inaitwa mbinu ya pupa."

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

"Huyu amediriki, mama. Zimeingia kwaya tano. Mwaka jana ziliingia mbili."

"Na sisi?"

"Mmeandika saa saba hadi saa kumi. Nikiwaingiza ninyi, zinatoka tatu."

Kunal, aliyekuwa akikunja waya pembeni, alicheka. "Mama, mimi simo. Nimeshasema ataamua Akelo."

Akelo alikuwa amejaribu asubuhi, peke yake, kuliweka jina la Kiseke kwa mkono. Alilitazama kidogo, akalifuta. Wale wa kwaya tatu ambazo zingetoka nao walikuwa na mama zao.

"Mama, mna nyimbo ngapi?"

"Mmoja."

"Wimbo mmoja, saa tatu?"

Mama alihesabu kwa vidole, bila aibu. "Saa moja ya kungojana. Akina Hellen wako kwenye dagaa, lazima waanue kwanza. Saa moja ya sala, chai na kupasha sauti. Saa moja ya kuimba."

"Mngojane nje ya mlango. Chai mnywe nyumbani."

"Na sala?"

"Mungu anasikia hata barazani kwa Kunal."

Mama akaanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo. "Wa mwisho anatoka saa ngapi?"

"Kumi na moja."

"Kunal, mwanangu, unafunga saa ngapi?"

"Kumi na mbili kamili, mama. Sisubiri mtu."

"Tuandike kumi na moja hadi kumi na mbili."

Akelo alibadilisha namba mbili, akabonyeza. Orodha ikajipanga upya, mistari sita. Wa mwisho ulisomeka Kiseke.

Mama aliusoma mara mbili kwa sauti. Halafu akatoa simu, akampigia Hellen.

"Hellen? Tumepata! Jumamosi, saa tisa. Ndiyo, tisa kamili, usinichelewe!"

"Mama, ni kumi na moja!"

Mama alifunika simu kwa kiganja.

"Nyamaza wewe. Hawa nawajua mimi."