Tangazo la Kucha

Evelio alikuwa na ugomvi wa miaka mingi na mtengeneza kucha mmoja ambaye hakuwahi kumtia machoni. Alimjua kwa jina, Leidiana, na namba yake ya simu aliishika kichwani kuliko namba ya kitambulisho chake mwenyewe. Kila alipokaa kumtazama binti yake kwenye televisheni, maandishi ya rangi ya waridi yalitokea upande wa kulia yakatambaa kuelekea kushoto: Kucha za Leidiana, za kubandika na za kupaka, Camagüey mjini, piga sasa. Yalipita palepale, juu ya mdomo wa Danaisy, wakati Danaisy anaufungua kusema.

Danaisy aliigiza nesi. Kampuni ya kigeni ilikuja Havana kutengeneza tamthilia, ikataka sura za Wakuba, ikampa nafasi ndogo: anamwambia mgonjwa kwamba mkewe yuko njiani anakuja, kumbe mke ameshakufa. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote duniani iliyobaki. Homa ya dengue ilimchukua kabla tamthilia haijatoka, mwaka ule ambao hata dripu hospitalini ilibidi uitafute mwenyewe mtaani. Picha alizoacha ni nyingi, lakini picha haisemi. Sauti yake ilikuwa mle ndani ya tamthilia tu.

Televisheni ya taifa haikuionyesha. Ilifika Camagüey kama kila kitu kinavyofika, ndani ya kifurushi cha wiki, ile diski inayoshuka na basi kutoka Havana ikiwa imejaa filamu, mechi na tamthilia za Kikorea, kisha watu hurushiana nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeomba ruhusa kwa mtu, na hakuna aliyenyimwa. Wanaokipitisha wanataka nao kula, kwa hiyo hubandika matangazo: muuza aiskrimu, mpiga picha wa mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano, mtengeneza kucha. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu kama dirisha la jikoni. Evelio aliitazama hivyohivyo, akimtukana Leidiana, akarudisha nyuma, akaitazama tena.

Ndipo akaja shemeji yake Zoraida, dada wa marehemu mkewe, anayeishi Hialeah, Marekani, kando ya Miami. Alikuja na dawa za presha, sabuni na kahawa, na ndani ya mkoba alikuwa na tableti. Huko kwake tamthilia ile iko kwenye mtandao wa kulipia, na kabla ya kusafiri alikuwa ameipakua yote ili shemeji aione. Wakakaa sebuleni mchana, feni ikiwa imezima kwa sababu umeme haukuwepo, wameegemeza tableti kwenye bakuli la sukari.

Picha ilikuwa safi. Hakuna maandishi. Evelio akaona kitu ambacho Leidiana alikuwa amemfunika siku zote: kabla ya kumdanganya mgonjwa, Danaisy anauma mdomo wa chini, upande mmoja, kidogo tu. Ndivyo alivyofanya tangu mtoto kila alipotaka kusema uongo. Hakuna mwongozaji aliyemfundisha. Evelio akalia mbele ya shemeji yake bila kujificha, na Zoraida naye akamshika mkono akalia.

"Naitaka hii," Evelio akasema. "Naitaka iwe yangu."

"Si tuinakili, shemeji? Wewe na hawa vijana wako wa diski mtashindwa na nini?"

Zoraida aliondoka Cuba zamani, lakini alibaki Mkuba. Kwetu kitu kikiwa mkononi mwako kinanakilika. Hatujawahi kuona filamu yenye mlango. Tumeona filamu bila mwisho, filamu bila sauti, filamu ambazo kichwa cha mtazamaji fulani sinemani kinakaa katikati, lakini filamu inayokukataa wewe kama wewe, hiyo hatukuijua. Kwa hiyo siku ya safari ya Zoraida, gari likisubiriwa, Evelio akachukua tableti na diski yake ya pekee akaenda kwa Rigo.

Rigo anakaa kona ya pili na huwajazia diski mtaa mzima. Desturi yake inajulikana: unaleta diski, anafuta ya wiki iliyopita, anaweka ya wiki hii. Hakuna anayetunza, kwa sababu nafasi ni ndogo na kipya kinakuja tu. Diski ya Evelio peke yake ndiyo haikufutwa, na Rigo alikuwa akimtania kwamba anafuga kisukuku. Siku hiyo watu walikuwa wamejaa barazani na umeme ulikuwa umerudi punde, kila mmoja anataka ahudumiwe kabla haujaondoka.

Rigo akaunganisha tableti, akatafuta, akaziona faili. Zilikuwa na majina ya ajabu, lakini zilikuwa kubwa, na ukubwa ulimridhisha.

"Hazitaenea, mzee. Nifute zile za zamani?"

Evelio hakufikiri hata kidogo. Alikuwa na mdomo wa binti yake machoni, na honi ya gari la shemeji ilikuwa ikilia mtaani.

"Futa," akasema. "Sitaki kuyaona tena hayo makucha."

Rigo akafuta, akajaza, mstari wa kijani ukafika mwisho. Evelio akairudisha tableti mbio, akambusu shemeji yake mashavuni, gari likaondoka kuelekea uwanja wa ndege. Hakuna aliyefungua faili hata moja kujaribu. Kilichonakiliwa kimenakiliwa, nani hujaribu?

Jioni hiyo televisheni ya Evelio ilizikataa faili zote. Haikuwa ukungu wala sauti iliyokatika, ilikuwa kioo cheusi na maneno kwamba faili haitambuliki. Alipozipeleka kwa Rigo, Rigo alijaribu kila alichokuwa nacho, akamwita na binamu yake wa chuo kikuu. Binamu ndiye aliyeeleza: faili ni nzima, picha imo, sauti imo, ila imefungwa, na ufunguo unakaa kwa kampuni ya ule mtandao wa kulipia, nayo huipa tableti iliyolipiwa tu. Rigo akatafuta njia ya kuzirudisha zile za zamani. Hazikurudi, mpya zilikuwa zimekaa juu yake. Rigo alimwomba msamaha mpaka Evelio akachoka, akamwambia aache, neno la kufuta alilisema yeye mwenyewe.

Tumaini lililobaki lilikuwa Zoraida. Lakini tableti yake ilipokamata mtandao tu Miami, kampuni ilipata nafasi ya kuikagua, ikazifuta zote. Akaitafuta tamthilia upya, hakuiona. Alipopiga simu kulalamika, dada mmoja mwenye sauti nzuri alimwambia kwamba mkataba wa kuionyesha umekwisha na imeondolewa, akamshauri atazame nyingine zinazofanana nayo.

"Inayofanana nayo," Zoraida akamwambia Evelio kwenye simu.

Rigo aliuliza kila nyumba ya diski kuanzia Camagüey hadi Havana. Wote walikumbuka kuwahi kuwa nayo, na wote walikuwa wameifuta. Diski ya Evelio ilibaki kwenye kabati, imejaa, haina nafasi ya kuweka hata wimbo mmoja. Rigo alijitolea kumwekea kitu kingine, Evelio akakataa. Jambo lililomuuma zaidi ni hili: alipofumba macho kuutafuta ule mdomo ulioumwa, ambao aliuona mara moja tu, uliokuja ni ule wa siku zote, wenye maandishi ya waridi na namba ya simu.

Mwisho akaipiga ile namba. Alikuwa na wazo kwamba anayelipia tangazo huenda akatunza nakala.

Leidiana mwenyewe alipokea. Hakuwa na ubaya hata chembe. Akamsikiliza, akamwita "baba yangu", akasema hapana, diski yake nayo hufutwa kila wiki kama ya watu wote. Ila tamthilia aliikumbuka. Alikwenda kuitazama kwa jirani makusudi, ahakikishe tangazo lake halikukatwa.

Evelio akakaa kitini. "Nesi unamkumbuka? Pale tangazo linapopita, alikuwa anafanya nini na mdomo?"

Leidiana akaanza kuisimulia sehemu ile, akaiacha, akaanza upya. Evelio alijua kwamba anajaribu kweli kukumbuka.

"Sitakudanganya, baba yangu," Leidiana akasema. "Nilikuwa naangalia namba yangu tu."

Evelio akamshukuru. Leidiana akaona haya kumwacha mzee wa watu aende mikono mitupu. Akasema kama ana binti amlete siku yoyote, atamtengeneza kucha bure, zozote atakazochagua.

Tangu maziko ya Danaisy watu walikuwa wakilizunguka neno "binti" mbele yake, na yeye pia alilizunguka.

"Sina," akasema.