Cheti cha Lalyo Velkov

Mimi ndiye ninayechapisha wafu wa kijiji cha Dolna Buka. Mtu akifa hapa kwetu, picha yake hubandikwa mlangoni kwake, kwenye nguzo ya kituo cha basi na kwenye ukuta wa duka la mkate. Hubandikwa tena siku ya arobaini, tena baada ya miezi sita, tena kila mwaka, mpaka wanaomlilia nao wabandikwe. Kompyuta yangu ina wafu mia mbili na kumi na saba, kila mmoja na picha na tarehe yake ya kuzaliwa. Walio hai kijijini ni hamsini na mmoja. Chuo sikukiona, kusoma nilijifunza kwa herufi za risasi katika kiwanda cha kuchapa gazeti, tena kinyumenyume. Nakumbuka aliyeuza matrekta ya ushirika kwa bei ya chuma chakavu, na nawakumbuka waliompigia makofi. Msiseme nina chuki. Nina kumbukumbu.

Mwaka jana, wiki moja kabla ya Jumamosi ya Marehemu, naibu meya Krastan Gochev alikuja gereji kwangu, ninapochapishia.

"Kaka Dechko, nipe orodha ya marehemu wote. Manispaa inataka wasomewe majina kanisani."

Nikampa faili zima. Nani humnyima mtu majina ya wafu siku ya kuwaombea? Hata fahari niliona. Jumamosi ikafika, tukapeleka ngano ya kuchemsha na divai makaburini, na padri hakusoma jina hata moja. Nikadhani amesahau.

Kisha ikaja amri: kila anayelipwa na umma, awe mhasibu au mfagiaji, apate cheti cha ujuzi wa kidijitali, daraja la pili, kabla ya Juni kwisha. Masomo ni ya mtandaoni. Kijiji kitoe wanafunzi arobaini. Wakipungua hata mmoja, kozi inafutwa na vyeti vyote havihesabiki. Na kwa kuwa nafasi ni chache, kaya moja, nafasi moja.

Aliyeihitaji kuliko wote ni Rusanka Velkova, mtunzaji wa nyumba yetu ya kusomea. Miaka thelathini na mmoja ameshika funguo zile: vitabu elfu nne, jiko la kuni, kompyuta sita. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Yeye ndiye aliyewafundisha vikongwe wetu kuwaona wajukuu wao wa Uhispania kwenye simu, bila cheti wala amri. Akajiandikisha siku ya kwanza, saa mbili asubuhi. Jibu likarudi papo hapo: *Ombi limekataliwa. Kaya yako imekwisha kupata nafasi.*

"Kaya gani?" aliniuliza. "Naishi mimi na paka."

Tukaenda wote ofisini kwa Krastan. Orodha ilikuwa imebandikwa ukutani, majina arobaini. Nikaisoma kutoka juu hadi chini. Kumi na saba kati yao niliwachapisha mimi. Namba thelathini na moja: Lalyo Velkov, mume wa Rusanka, fundi wa matrekta, tuliyemzika miezi kumi na minne nyuma. Mtu aliyekuwa akizima televisheni kwa kuchomoa waya.

"Mtoe mume wangu," alisema Rusanka, "uniweke mimi."

"Mama, siwezi." Krastan alikuwa akila mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe. "Mfumo hauruhusu. Mwanafunzi anayejitoa lazima ajitoe mwenyewe. Anakaa mbele ya kamera, anageuza uso kushoto, anageuza kulia."

"Lalyo yuko kaburini."

"Ndiyo maana nasema siwezi."

Nikamwambia nitaandika barua serikalini, Sofia. Akacheka. "Andika, mzee wa gazeti. Orodha imetoka wapi? Kwenye kompyuta ya nani?" Kisha akamgeukia Rusanka kwa sauti ya asali. "Mama yangu, Septemba kuna awamu ya pili. Jina lako litakuwa la kwanza. Funguo zitabaki kwako, neno langu hilo. Wewe tulia tu, na wasaidie hawa wengine, wanahangaika."

Akawasaidia! Mei nzima walijazana kwake wale ishirini na watatu walio hai. Kazi za kufagia bustani ya manispaa na kulinda lango la msitu nazo zilitaka cheti. Gencho mlinzi hakujua hata kukishika kipanya. Rusanka alimshika mkono, na mkono ulipogoma akamfanyia mtihani yeye mwenyewe. Aliwafanyia kumi na mmoja kwa hesabu yangu; wafu walifanyiwa ofisini kwa Krastan. Mtihani aliokatazwa kufanya aliufaulu mara kumi na moja kwa majina ya watu.

Nilimwambia, "Rusanka, mkaguzi anakuja kufunga kozi. Simama useme."

Gencho alinisikia. Jioni hiyo alimjia Rusanka na mkewe Minka, wakiwa na chupa ya rakia, pombe yetu kali, na sinia la pai ya jibini.

"Shemeji," alisema Gencho, "marehemu Lalyo alikuwa rafiki yangu. Angetaka nikose kazi?"

"Na mimi je?"

"Wewe una Septemba. Sisi tuna nini?"

Minka hakubembeleza. "Ukifungua mdomo, dada, vyeti vyetu vyote vinakwenda na maji. Halafu uone nani atakuletea kuni majira ya baridi."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mwenye adabu, koti jepesi, kompyuta ndogo kifuani. Ukumbi wa nyumba ya kusomea ulijaa. Akasifu kijiji, akasema angependa kumpongeza mwanafunzi aliyeongoza kwa alama tisini na sita. Akasoma: "Bwana Lalyo Velkov."

Macho yote yakamwangukia Rusanka. Nilimwona Krastan akiacha kutafuna.

Rusanka akasimama, mkono umeshika kiti. "Ni mume wangu." Minka akamtazama, Rusanka akaendelea, "Yuko nyumbani. Siku hizi hatoki."

"Basi mpokelee, mama. Weka sahihi hapa."

Akaweka sahihi. Wakapiga makofi, ndugu zangu, walipiga makofi yale yale ya siku ya matrekta, na Gencho ndiye aliyeyaanza.

Tarehe mosi Julai barua ya kumwachisha kazi ilimfikia: hana cheti. Tulikwenda tena kwa Krastan.

"Uliniahidi."

"Mimi ni nani mbele ya sheria?" alisema. "Na funguo naomba leo."

"Nitasema kila kitu."

"Sema. Uliweka sahihi mbele ya mkaguzi kwamba mumeo yu hai. Hilo ni kosa la jinai, mama, si langu, lako." Akasukuma kile kikombe cha maganda kando, akanyoosha kiganja. Rusanka akavua funguo shingoni. Siku hizi anazo mpwa wa Krastan, naye hufungua Jumanne tu.

Rusanka alikuja gereji kwangu moja kwa moja. "Nichapishie tangazo la Lalyo la mwaka na nusu. Picha ile ile. Chini ya jina andika: *Mhitimu wa ujuzi wa kidijitali, daraja la pili, alama tisini na sita.*"

Nilichapisha ishirini na manne. Alfajiri nikabandika moja katika kila mlango wenye cheti, la mwisho mlangoni kwa Rusanka. Kabla ya saa sita mchana yote yalikuwa yamechanwa, isipokuwa lake. Krastan hakunyanyua hata kidole. Waliochana ni wenye milango. Gencho aliniletea vipande mkononi. "Dechko, siku yako ikifika, nani atakubandika?"

Kuni hawakumpelekea.

Lakini simu zao wanampelekea, awasaidie. Kila Ijumaa wanasimama mbele ya ile picha ya Lalyo, wanagonga, hawaitazami. Wiki iliyopita alikuwa Minka. Manispaa inataka vyeti vithibitishwe upya mtandaoni, naye amekwama ukurasa wa kwanza.

"Dada, hebu nibonyezee hapa."

Rusanka akavaa miwani, akambonyezea.