Tatu Kwenda Kulia

"Ukitoa tatu, grafu inarudi kushoto," Mwalimu Lwitiko alisema huku akiichora ubaoni, kando ya (x − 3)². Alikuwa na miezi minne tu tangu atoke Mbeya kuja Sumbawanga, na hii ndiyo ilikuwa shule yake ya kwanza.

Dominika, mwanafunzi wa kidato cha tano aliyekaa mbele, alinyoosha mkono, akasimama.

"Samahani, mwalimu. Tatu ikitolewa nje ya mabano, grafu inashuka chini, hapo sawa. Lakini hii imetolewa ndani. Nikiweka tatu mahali pa x, napata sifuri. Basi chini kabisa pa grafu ni kwenye tatu. Imekwenda kulia."

"Ukitaka kufundisha, subiri uajiriwe."

Darasa likacheka. Dominika akaketi. Katika jaribio la Alhamisi alijibu vilevile, kulia, naye Lwitiko akamkosesha kwa kalamu nyekundu.

Jumapili, akiandaa somo, Lwitiko alikokotoa nukta moja moja. Sifuri ikaangukia kwenye tatu. Akarudia, ikawa palepale. Aliona aibu hata akiwa peke yake chumbani. Akaamua kumwomba radhi Jumatatu, mbele ya wenzake.

Jumatatu Dominika hakuwepo. Tangu Ijumaa alikuwa amepewa ruhusa kwenda kwao Mollo, ana homa. Jumatano asubuhi mkuu wa shule akawatangazia wanafunzi mstarini kwamba malaria ilimpanda kichwani, amefariki.

Baada ya mazishi, Lwitiko alimfuata baba wa marehemu, Mzee Zenon, aliyekuwa amekaa kando ya ghala la mahindi.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Mimi ni mwalimu wake wa hesabu."

"Marahaba. Alikutaja. Alisema amekosa hesabu aliyodhani anaiweza. Alilia, na homa ile ile."

"Hakukosa, mzee. Niliyekosa ni mimi."

"Ungemwambia yeye."

"Nilichelewa."

"Mimi niliishia darasa la saba. Nionyeshe hicho alichokuwa anakijua."

Lwitiko alichuchumaa, akaokota kijiti. Alichora mistari miwili inayokatana, na pale ilipokutana akachora mkunjo kama bakuli. Akahesabu hatua tatu kulia, akachora bakuli la pili, sawasawa na la kwanza. Mzee alifuatilia kwa macho.

"Na wewe ulimwambia liko huku," alisema, akionyesha kushoto kwa mguu.

"Ndiyo."

Zenon akatikisa kichwa. Ndugu zake walikuwa wamefika kutoka Namanyere, wanashuka kwenye gari wakilia. Akainuka kwenda kuwapokea. Hakumpa mwalimu mkono.

Kesho yake Lwitiko alirudia somo lote tangu mwanzo. "Dominika alikuwa sahihi," aliwaambia, "na mimi nilimnyamazisha." Justina, aliyekuwa akikaa na Dominika dawati moja, aliinamia daftari akaendelea kunakili, machozi yakilowesha karatasi.